Baraza la Sahani la Bwana Mshamu

Mlango wa kale, wajukuu zangu!

Nanyi mwitikie: Fungua, Bibi, tuingie!

Haya, nimefungua. Ingieni taratibu, msikanyagane. Wewe Zuwena, toa kidole puani, huko tuendako ni kwa watu wastaarabu. Tunakwenda zamani. Si zamani ile ya juzi, ya babu yenu kuninunulia redio. Ni zamani ya kweli kweli, kabla bibi yake bibi yangu hajaota jino, miaka ambayo punda akipita njiani anaamkiwa, naye anaitika. Mnacheka? Nani kati yenu alikuwepo anisute?

Basi miaka hiyo palikuwa na mji ukiitwa Kiwandeo. Mji wa mawe, vichochoro vyembamba, watu wawili wanene wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Na kila nyumba ya Kiwandeo, ya tajiri na ya fukara, ilikuwa na baraza la mawe nje, ubavuni mwa mlango. Baraza lilijengwa na mwenye nyumba, lakini kukaa kulikuwa kwa watu wote. Mpita njia amechoka, aketi. Mzee kapatwa na usingizi, aketi asinzie. Hakuna aliyemuuliza amefuata nini.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo kisa kilipo. Watu wa Kiwandeo walikuwa na adabu yao. Habari kubwa hawakuileta kwa mdomo. Mwili ulitangulia, mdomo ukafuata nyuma. Washenga wakija kuposa, walikuja wazee watatu wakati wa alasiri, wakaketi kwenye baraza la baba wa binti, kimya. Hawabishi hodi, hawasemi neno. Watu wa ndani wakiwaona huwatolea kahawa, wakishainywa ndipo wanasema walichokuja nacho. Na habari ya kifo je? Nayo waliileta wazee watatu, kimya vilevile, bila hodi. Ila hao hawaketi. Husimama mbele ya mlango mpaka walio ndani wawaone wenyewe.

Walioketi ni nini?

Harusi!

Waliosimama?

Msiba!

Ahaa. Msisahau, maana kuna watu humu ndani ya kisa watakuja kujisahau.

Katika mji huo alikuwepo binti akiitwa Mwanaidi. Alikuwa mzuri? Alikuwa mzuri wa kutosha, tusiongeze chumvi. Alikuwa na maradhi mamoja tu: maswali. Kwa nini mkate huumuka upande mmoja kwanza? Kwa nini jogoo wa jirani huwika akiwa amefumba macho? Mwadhini akiugua mafua, anaadhini kwa pua au kwa koo? Akiuliza hili, jibu halijafika, keshauliza la pili. Mama yake, Bi Ramla, mwanamke mpole lakini mwepesi wa kupaza sauti, alikuwa akishika kichwa: "Mwanangu, wewe malaika wa mauti akija utamuuliza kwa nini amechelewa!"

Siku moja Mwanaidi alipelekwa kupimwa miguu kwa kijana mshona makubadhi, jina lake Faki. Kijana kainamia kazi yake, binti kasimama na shangazi yake nyuma ya pazia, mguu tu umetoka nje. Binti akauliza, "Mbona unaanza kushona la kushoto?"

Shangazi akamfinya. Lakini Faki aliacha sindano, akafikiri, akajibu kama mtu aliyeulizwa jambo la maana. "Watu hutanguliza mguu wa kulia, na kubadhi la kulia ndilo husifiwa. Nalianza la kushoto nikiwa sijachoka, lisije likaonewa."

Mwanaidi akarudi nyumbani ametulia, hata mama yake akadhani anaumwa. Tangu siku hiyo makubadhi yake yakawa yanakatika kamba kila mara. Yalikatikaje? Msiniulize mimi, kiulizeni kisu cha jikoni. Ikawa leo anapeleka kamba na swali, kesho anapeleka kamba na swali, na kila swali likapata jibu lake. Mwisho Faki naye akauliza swali moja tu, na Mwanaidi akajibu ndiyo. Sasa yakabaki ya wazee.

Sasa tumwendee baba. Baba yake Mwanaidi ndiye Bwana Mshamu, mfanyabiashara wa samli na ufuta. Alianza na mtungi mmoja begani, akajaaliwa, akajaa. Na alipojaa akapenda kitu kimoja kupita vyote: sahani za Kichina. Nyeupe pepepe, zina maua ya buluu, ukizigonga kwa ukucha zinalia nging! Kila tajiri wa Kiwandeo alikuwa nazo chache, kazipanga ukumbini kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mgeni akiingia azione. Hapo sina neno. Mimi mwenyewe napenda sahani nzuri, na ile yangu ya maua mliyoivunja Idi iliyopita bado naidai.

Lakini Bwana Mshamu hakuishia kwenye zidaka. Zidaka zilipojaa, alimwita mwashi wa chokaa azigandishe sahani ukutani. Kuta zilipojaa, akapanda nazo ngazi. Ngazi zilipojaa, akazipeleka darini. Akazipeleka chooni, wajukuu zangu! Mtu anachuchumaa huku anatazamwa na maua ya buluu. Kila chombo kilichoingia nyumba ile kilikwenda ukutani, hata vikombe vya kahawa, hata bakuli la mchuzi. Nyumba yenye sahani nyingi kuliko zote mjini, na wenyewe wanakula wali kwenye chano cha mbao, wanakunywa maji kwa kifuu cha nazi. Bi Ramla akilalamika, mumewe anamwambia, "Mke wangu, ile ya mkononi huvunjika. Ya ukutani inaishi."

Siku moja Bwana Mshamu akasimama ukumbini, kashika kiuno, hana raha.

"Hivi sahani hizi zinaonwa na nani?" akasema. "Na mimi, na wewe, na Mwanaidi, na paka! Mali gani hii ya kuonwa na paka?"

Akamwita mwashi tena. Ukuta wa nje ukajaa sahani, juu mpaka chini. Pakabaki baraza. Mwanaidi alimwona mwashi anakoroga chokaa, anazipanga sahani palepale pa kukalia watu, zimelala chali, zinatazama mbingu. Akateremka mbio.

"Baba, watu watakaa wapi?"

"Watakaa? Waje watazame!"

"Na wakishatazama, wakachoka?"

"Mwanangu, kitu kizuri hakimchoshi mtu."

Na kweli mwanzoni watu walikuja. Lo, walikujaje! Walikuja wa mtaa huu na wa mtaa ule, walikuja wa vijijini na punda wao, wakasimama midomo wazi. "Mashaallah! Hii ni nyumba au ni pepo?" Jua likipiga, baraza linamemeta mpaka mtu anakinga macho. Bwana Mshamu anasimama mlangoni na kanzu yake ya melimeli, anapokea sifa. Sifa hizi, na sifa hizi, na sifa hizi. Alilala usingizi mzuri mwezi mzima.

Lakini Mwanaidi alikuwa dirishani juu, nyuma ya kimia cha mbao, na macho yake hayakuwa kwenye sahani. Yalikuwa kwa watu, na aliona jambo la ajabu. Zamani alasiri ikifika, kicheko cha wanaume kilikuwa kikipanda kutoka barazani kama mvuke wa chungu. Baba yake alikuwa katikati yao, anahadithia alivyokuwa akibeba mtungi wa samli, akateleza, akapaka samli mtaa mzima, na paka wa mji wote wakamfuata nyumbani. Kisa kilekile kila wiki, na kila wiki watu wanacheka wanafuta machozi. Sasa watu wanakuja, wanatazama, wanasifu, wanakwenda zao. Kulikuwa na mzee mmoja aliyezoea kusinzia pale kila siku baada ya sala. Alikuja, akalitazama baraza, akageuka huku na huku kama mtu aliyepoteza bakora, kisha akajikokota akaenda. Hakurudi tena kusinzia pale.

Na baba? Baba mwenyewe alikuwa akisimama, maana hata yeye hakuwa na pa kuketi. Anasimama mguu huu, anabadili mguu huu. Sifa zilipopungua aliendelea kusimama, anangoja mtu apite. Mwanaidi akajiuliza, baba anajua kuwa amechoka, au bado hajaambiwa?

Swali hilo hakulimaliza, kwa sababu lilimfika jambo lake mwenyewe.

Faki alikuwa na wajomba watatu, mkubwa wao Mzee Kombo, mtu wa tambuu shavuni na ua la asumini kwenye kilemba. Hao ndio washenga. Wakaja alasiri moja, kanzu nyeupe, udi unanukia. Mwanaidi kule juu moyo ukampiga kama mchi kinuni. Wazee wakafika barazani. Wakatazama. Mzee Kombo akainama, akatafuta mwanya baina ya sahani na sahani, akageuza makalio, akayashusha, akayashusha... akasikia nging! Akanyanyuka kama kaungua. Wakatazamana, wakajikohoza, wakapita kama watu waliokuwa na safari nyingine.

Wiki ya pili wakaja tena. Ikawa vilevile. Mmoja akanong'ona, "Tubebe vigoda vyetu."

"Mshenga na kigoda chake kwapani?" Mzee Kombo akang'aka. "Tunaposa au tunauza samaki? Na tukisimama, unajua tutakuwa tumeleta habari gani!"

Miji mingine mtu angebisha hodi, akasema. Kiwandeo hapana. Mshenga anayesema kabla ya kuketi na kunywa kahawa amemtukana baba wa binti na ukoo wake.

Mwanaidi akapeleka kamba kwa Faki, safari hii imekatika yenyewe. Faki hakuwa na uso wa siku zote.

"Wajomba wamesema Ijumaa hii ndiyo ya mwisho," alisema nyuma ya pazia. "Mwezi wa mlisho unakatika, mfungo unaingia. Wakikosa pa kuketi kwenu, wataketi kwa Bwana Haji mwuza chumvi. Ana binti."

"Nawe umewaambiaje?"

"Nimewaambia simtaki. Mjomba akaniambia tangu lini bwana harusi akaulizwa."

Mwanaidi alilia njia nzima, wala sioni aibu kuwaambia alilia kwa sauti. Alipofika nyumbani alimkuta baba yake anatandika punda. Kasikia kule bara, kwenye gulio la Mwereni, kumeletwa sahani moja pana kama tundu la kisima, na juu ya mlango palibaki nafasi yake.

"Baba," Mwanaidi akasema, "ung'oe sahani chache tu barazani. Nafasi ya watu watatu."

"Watatu wepi?"

Atasema nini? Binti wa zamani hizo hakutamka posa mbele ya baba yake, hata angekatwa kidole. Akainamisha kichwa. "Watu tu, baba."

"Watu wana nyumba zao," Bwana Mshamu akasema, wala hakusema kwa ubaya. Akampapasa kichwa, akavaa makubadhi yake aliyoshonewa na Faki, akapanda punda, akaenda.

Ijumaa ikafika, alasiri ikafika, wazee wakafika. Sahani zipo palepale, zinameta.

Mzee Kombo akasema, "Leo haondoki mtu. Tutangoja hapa mpaka wenyewe waone haya, watuletee pa kuketi." Wakajipanga mbele ya mlango. Wazee watatu. Kimya. Wima.

Wajukuu zangu, waliosimama ni nini?

Naam.

Bi Ramla alikuwa dirishani anapeta mchele. Akatupa jicho chini. Aliona wazee watatu mbele ya mlango wake, wamesimama, hawasemi, na mumewe yuko safarini. Ungo ukamtoka mikononi.

"Yallaa! Mume wangu! Mshamu wangu amekufa!"

Ukelele ule ulipasua mtaa. Mwanaidi akashika kimia cha dirisha. Baba! Lakini macho yake, yale macho yasiyotulia, yalikuwa yameshashuka chini, na yakaona. "Mama, ngoja! Mbona yule anatafuna tambuu? Mama, mleta msiba huvaa asumini?" Nani atamsikia? Mama keshajifunga kanga kiunoni, analia kwa kutaja sifa za marehemu, na ile ya kwanza ilikuwa samli.

Na kule chini je? Washenga nao waliposikia kilio wakatazamana.

"Subhanallah," Mzee Kombo akasema. "Kumbe nyumba ina msiba! Ndiyo maana hatukuona kahawa." Haraka akatema tambuu, akang'oa asumini kilembani, akaitupa. Wote watatu wakavua viatu, wakainamisha vichwa. Sasa wamekuwa waleta msiba kamili, hata mimi ningedanganyika.

Majirani hao, wakamiminika. Huyu anamuuliza yule kwa kunong'ona, "Nani kafa?" "Bwana Mshamu." "Nani kaleta habari?" "Si wale wazee pale?" Na wale wazee wakiulizwa wanasema, "Tumeisikia kwa wenyewe ndani." Na walio ndani wameiona kwa wazee. Habari ikawa inazunguka kama punda wa kinu cha mafuta, wala hakuna aliyeuliza ilikoanzia, maana katika msiba kuuliza ni utovu wa adabu.

Wanaume wakasimama kichochoroni wamejazana, kwa sababu baraza halikaliki. Wanawake wakateka jiko, masufuria ya wali yakapanda motoni. Wali ukaiva. Wakasema, haya, leteni sahani tuwapakulie watu. Sahani ziko wapi? Ukutani! Mama mmoja akachukua kisu, akajaribu kubandua moja ya ngazini, chokaa ikamrukia machoni. Wakaanza kukimbia nyumba kwa nyumba kuazima vyano na vifuu. Katika nyumba ya Bwana Mshamu!

Mwanaidi alikuwa hajalia. Hofu ilimkaa kifuani, nzito, lakini swali lilikuwa limekaa juu ya hofu. Akamuuliza jirani huyu, "Bibi, amekufa wapi? Lini?" Akaambiwa nyamaza mwanangu, msiba hauulizwi. Akamuuliza yule, akaambiwa pole, ni mapenzi ya Mungu. Akaona hapa sijui kama mimi ni yatima au si yatima, na hakuna anayeona ajabu! Akajitanda shuka mpaka usoni, akateremka, akasimama nyuma ya mlango ulioegeshwa. Alikusudia kufanya jambo ambalo binti wa Kiwandeo hajawahi kulifanya: kumuuliza Mzee Kombo mwenyewe.

Mara akasikia sauti nyuma ya umati. Mtu mmoja mgeni alikuwa amefika mbio, kazungusha kilemba usoni kwa ajili ya vumbi, mwili mzima rangi ya njia. Anahema.

"Jamani, kilio cha nani?"

"Cha mwenye nyumba," jirani mmoja akamjibu. "Yule wa sahani."

Mgeni akamsogelea. "Nani amesema amekufa?"

"Ndivyo ilivyosemwa."

"Alikuwa mtu gani?"

Jirani akajikuna shingo. "Ah! Sahani zake zilikuwa nzuri. Si unaziona?"

Mgeni akamgeukia mwingine. "Na wewe? Alikuwa mtu gani huyu?"

"Mtu wa sahani. Mashaallah, sahani zilimkubali."

"Siulizi sahani. Nauliza yeye."

Akajibu yule mzee wa kusinzia, ambaye na yeye alikuja kuzika. "Mwanangu, zamani ningekwambia. Alikuwa mcheshi huyu, alikuwa na kisa cha samli... kilikuwaje vile? Sijaketi naye siku nyingi. Kimenitoka."

Mgeni akautazama ule ukuta wa sahani. Alisimama tu, mikono imening'inia. Na Mwanaidi, kwenye ule ufa wa mlango, akatazama chini kwenye miguu ya mgeni. Makubadhi. Na la kushoto limeshonwa vizuri kama la kulia, si zaidi, si pungufu.

Hapo ndipo alipolia. Akausukuma mlango, akatoka mbele ya wanaume wote wa Kiwandeo.

"Baba," akasema, "hukufa?"

Mgeni akafungua kilemba. Umati ukarudi nyuma, wengine wakaanza kusoma dua wakidhani ni mzuka. Alikuwa Bwana Mshamu, mzima, vumbi limechora mifereji mashavuni. Alimwacha punda na sahani yake ya Mwereni kwenye lango la mji aliposikia kilio mtaani kwake, akakimbia akidhani kafiwa yeye.

"Sikufa," akasema polepole. "Lakini naona sikuwa hai sana." Akawatazama wazee watatu. "Mzee Kombo, mbona mmesimama mlangoni pangu? Mmeleta msiba wa nani?"

Mzee Kombo akafungua mdomo, akakumbuka adabu, akaufunga. Akatazama baraza. Akatazama makalio yake. Akanyoosha mikono tu, kama anayesema, bwana, tuketi wapi?

Bwana Mshamu akamgeukia binti yake. Binti kainamisha kichwa, masikio yamemwiva. Watu tu, baba. Nafasi ya watu watatu. Mtu huyu alikuwa na pupa, wajukuu zangu, lakini hakuwa mjinga. Ikamwingia yote kwa pamoja.

Alikwenda kwenye baraza lake. Alizitazama zile sahani, nyeupe pepepe, maua ya buluu, na naapa alizionea uchungu, nani asingezionea? Kisha akageuka, akakusanya kanzu, akaketi.

Kwaach!

Mtaa mzima ukafumba macho.

"Mzee Kombo," akasema, "karibu kitako."

Mzee Kombo akaketi. Kwaach! Wa pili akaketi, wa tatu akaketi. Kwaach! Kwaach! Yule mzee wa kusinzia hakungoja kualikwa, akapenya mpaka mahali pake pa zamani pa kwenye kona, akajiachia kwa raha zake zote. Kwaaach!

Bi Ramla akasikia kishindo, akashuka na kanga yake ya kilio, macho yamevimba. Akamwona marehemu kaketi juu ya vigae.

"Wewe Mshamu! Umekufa, hukufa?"

"Nilikufa, mke wangu. Kidogo. Leta kahawa."

"Kwenye nini? Vikombe vyote umevigandisha!"

"Leta kwenye vifuu."

Kahawa ikaja kwenye vifuu vya nazi, wakainywa, inachuruzika kidevuni. Ndipo Mzee Kombo akafuta ndevu, akasema kwa sauti ya mji mzima, "Bwana Mshamu, tumekuja kwako, tunamtaka Mwanaidi kwa mtoto wetu Faki." Na wali ule wa matanga, ambao hauna sahani, ukaliwa kwenye vyano kwa vigelegele. Walikaa pale mpaka Magharibi, na Bwana Mshamu akahadithia kisa cha samli kuanzia mwanzo, na yule mzee akasema, "Ndicho! Ndicho kilichonitoka!"

Baada ya harusi Mwanaidi alimuuliza baba yake, kwani angeachaje kuuliza, "Zilipovunjika, baba, uliumia?"

"Makalio, sana," akasema. "Nimekaa upande wiki nzima. Moyo ulikuwa umeshaumia kabla, nilipouliza watu mimi ni nani wakanionyesha ukuta."

Mwashi aliitwa kwa mara ya mwisho, akakwangua vigae, akalisawazisha baraza kwa chokaa laini. Sahani za ukutani zilibaki, zikapendeza, watu wakiegemea chini yake. Na ile kubwa ya Mwereni haikupanda mlangoni. Ilikuwa ikizunguka mtaani, harusi hii, matanga haya, imejaa wali, mpaka watoto wenye mikono kama yenu walipoivunja.

Miaka ikaenda. Alasiri moja wakaja wazee watatu kwa Bwana Mshamu, na safari hii barazani palikuwa na nafasi tele, lakini hawakuketi. Wakasimama. Mwanaidi, mtu mzima sasa, akajua: baba yake hatarudi safarini. Watu wakajaa, wakaketi wakabanana, na mpita njia mmoja akauliza, "Aliyekufa alikuwa mtu gani?" Walianza kumweleza alasiri ile, huyu anaanza, huyu anamkatiza, hawa wanacheka na hawa wanalia, na giza liliingia hawajamaliza.

Kwa hiyo nyinyi mkijaaliwa, nunueni vizuri. Sitawakataza, na mkiniletea sahani nitaipokea. Ila kabla hamjakiweka mahali hicho kitu chenu cha fahari, ulizeni swali la Mwanaidi: watu watakaa wapi?

Mlango wa kale, wajukuu zangu!

Funga, Bibi, tumetoka!

Nimeufunga. Aliyeacha masikio ndani shauri yake. Visa vingine vipo barazani, anayevitaka akaketi avingoje.